Mgawo wa samaki waja, hesabu bado ni ya vipande

Kwenye meza moja ya samaki sokoni Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, mnunuzi anaweza kukuta nguru aliyetoka mnada wa Feri, dagaa wakavu wa Kigoma, sato wa Ziwa Victoria na kibua wa kugandishwa aliyeingia nchini kwenye kontena. Mara nyingi muuzaji wao ni mmoja na sinia ni moja. Lakini kila mmoja kati ya samaki hao ametoka kwenye maji yenye utaratibu wake wa nani avue, lini na kwa chombo gani, na utaratibu huo una mkono katika ukubwa wa kipande kinachofika kwenye sahani ya mlaji.

Chanika haina pwani. Samaki wa baharini hununuliwa alfajiri katika soko la Magogoni, maarufu kama Feri, huchukuliwa kwa Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na pale Pugu Kajiungeni magari ya Kisarawe na ya Chanika huachana njia. Wengine huingilia upande wa Mbagala kupitia Msongola. Safari hiyo si ndefu kwa kilometa, lakini kwa bidhaa inayopoteza thamani kila saa ni gharama: barafu, nauli ya mchuuzi, nauli ya ndoo yake, na mafuta ya kukaangia, kwa sababu samaki wengi wanaofika huko hukaangwa ili wadumu hadi jioni.

Wachuuzi wa huko wakiulizwa kwa nini samaki wamepanda bei hujibu kwa mambo matatu: mwezi, upepo na "serikali imefunga". Mawili ya kwanza yanaeleweka. Wavuvi wa dagaa na vibua hutumia taa usiku, hivyo mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa na mnada unakuwa mkavu. Na kusi likivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali. Hilo la tatu ndilo linalohitaji maelezo, kwani watu wengi huamini kwamba kuna ofisi mahali fulani inayogawa samaki kwa mikoa, kwamba Lindi wamepewa tani zao, Tanga zao na Kigoma zao.

Ukweli ni kwamba mgawo wa namna hiyo haupo Tanzania Bara. Hata hivyo, mgawo wa aina nyingine unajadiliwa mbali na hapa, na huenda ukamgusa mchuuzi wa Chanika kuliko anavyodhani.

Neno mgawo lenyewe halina sifa nzuri masikioni mwa Watanzania. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hulihusisha na foleni za sukari na sabuni katika maduka ya kaya. Waliokuja nyuma yao hulihusisha na umeme. Katika uvuvi lina maana ya kitaalamu. Wataalamu hukadiria ni tani ngapi za aina fulani ya samaki zinaweza kuvuliwa kwa mwaka bila kula mtaji, yaani bila kupunguza samaki wazazi, kisha tani hizo hugawanywa kwa nchi, mikoa, kampuni au meli. Aliyemaliza fungu lake hupandisha nyavu hata kama bahari imejaa.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zimejengwa juu ya msingi tofauti. Kinachotolewa ni haki ya kuingia majini, si haki ya kilo. Chombo kidogo hukata leseni katika halmashauri ya wilaya, chombo kikubwa hukata kwa Mkurugenzi wa Uvuvi. Baada ya hapo serikali hubana kwa njia za pembeni: tundu la wavu lisiwe dogo kuliko kiwango, baruti na sumu ni kosa, maeneo ya hifadhi ya bahari yasiguswe, misimu fulani ifungwe. Mwenye leseni akizingatia hayo yote, anaweza kuvua samaki 10 au 10,000.

Sababu ya kuchagua njia hiyo ni ya kihasibu kabisa. Mgawo wa tani unataka mtu wa kupima tani. Zaidi ya asilimia 95 ya samaki wa baharini wa Tanzania Bara huvuliwa na wavuvi wadogo, wenye ngalawa, mitumbwi, mashua na boti za mashine, ambao hushusha samaki katika mialo mingi iliyotawanyika kwenye pwani ya kilometa zinazokadiriwa kuwa 1,424 kuanzia mpaka wa Kenya hadi Mto Ruvuma. Huwezi kuweka mzani na karani katika kila mwalo kila alfajiri. Takwimu zinazotolewa kila mwaka hutokana na sampuli: waandikaji huandika samaki walioshushwa katika mialo michache kwa siku kadhaa za mwezi, kisha hesabu hiyo hukuzwa kwa kuzidisha na idadi ya vyombo. Kwa kupanga sera hiyo inatosha. Kwa kumwambia mvuvi wa Kilwa Kivinje kwamba fungu la mkoa wake limekwisha jana saa nane mchana, haitoshi.

Jambo jingine ni kwamba mvuvi wa pwani si mtu wa mkoa mmoja. Kupiga dago ni desturi ya tangu zamani: wavuvi hutoka Unguja, Pemba au Tanga, huweka kambi Mafia, Kilwa au mbele zaidi kwa miezi, wakimfuata samaki na upepo. Wakifika ugenini hutakiwa kujitambulisha kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo ule, maarufu kama BMU, na kulipa kinachodaiwa. Ushuru hupatikana pale samaki wanaposhushwa, si pale walipokulia. Hivyo halmashauri haina sababu ya kibiashara ya kupunguza samaki wanaoshuka kwake. Kila tenga linalokwenda kwa jirani ni mapato yaliyopotea. Huo ndio ugomvi wa kimya kati ya wilaya na wilaya, na kwa kuwa hakuna tani za kugombania, hugombaniwa wageni: nani apokewe dago na nani afukuzwe.

Mara moja serikali ilijaribu kugawa bahari kwa kanda, na historia hiyo inafaa kukumbushwa. Ni kwenye kambamiti. Meli za kuburuta nyavu zilizokuwa zikivua kambamiti kwa ajili ya kuuza nje ziligawiwa kanda 3, kuanzia maji ya Bagamoyo na Saadani hadi delta ya Rufiji na kusini yake. Meli zilipangiwa kanda na kuhamishwa kwa zamu, ziliruhusiwa kuvua mchana tu, na msimu ulifungwa kwa miezi kadhaa ya mwaka ili kambamiti wadogo wakue. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba kilichogawanywa kilikuwa ni meli, si tani, na sehemu kubwa ya kambamiti ilikuwa Rufiji. Ukimpa mwenye meli zamu ya siku chache mahali penye mali, atafanya nini isipokuwa kuburuta kwa nguvu zake zote kabla zamu haijaisha? Wavuvi wadogo walilalamika kwamba meli zinakata nyavu zao na kukomba samaki wengine pamoja na kambamiti. Mavuno yaliposhuka, serikali ilisitisha uvuvi wa meli hizo baada ya msimu wa 2007. Wavuvi wadogo waliendelea na kambamiti wao, na viwanda vilivyotegemea meli vilibaki bila kazi.

Ziwa Victoria nalo halina mgawo wa tani. Tanzania, Uganda na Kenya, ambazo zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria kwa mkataba wa mwaka 1994, na makao yake yakawa Jinja, zimekuwa zikihesabu nguvu ya uvuvi: sensa ya mialo, mitumbwi, mashine na nyavu ilianza mwaka 2000 na ilipangwa kufanywa kila baada ya miaka 2. Kwa sangara kuliwekwa kipimo cha urefu, sentimita 50 hadi 85, wa chini ya hapo aachwe akue na wa juu aachwe azae. Kuhesabu mitumbwi ni rahisi kuliko kuhesabu sangara, ingawa mtumbwi mmoja wenye mashine na nyavu mpya si sawa na mwingine wa makasia.

Lililotikisa soko la dagaa ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni la nchi nne: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mtu angetegemea tani zigawanywe kwa uwiano huo. Badala yake nchi hizo zilikubaliana Desemba 2021 juu ya mkataba wa hatua za pamoja, na kilichogawanywa humo ni mapumziko. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake, katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, na ikarudia mwaka 2025. Miezi 3, kila mtu nyavu juu.

Kiuchumi, kufunga kwa muda ni mgawo wa upofu: haumwulizi mtu amevua kiasi gani miezi 9 iliyopita. Mwenye boti kubwa na taa nyingi hupumzika miezi 3, na mwenye mtumbwi mmoja hupumzika miezi 3, lakini wa kwanza ana akiba benki na wa pili ana deni dukani. Tena dagaa mkavu hukaa ghalani. Tarehe ya kufunga ikitangazwa mapema, mwenye mtaji ana nafasi ya kununua Aprili na kuuza Julai. Mlaji wa Dar es Salaam ana kimbilio: dagaa wa Kigoma akipanda, atakula dagaa wa Mwanza, au dagaa wa baharini, au maharage. Mlaji wa vijiji vya mwambao wa Kigoma hana kimbilio kama hilo. Kwa hiyo gharama ya kulinda samaki wanaoliwa mpaka Chanika hulipwa zaidi na mkoa unaowavua. Hilo halisemwi mara nyingi katika mikutano ya kupongezana wakati ziwa likifunguliwa.

Vijiji vya Mafia na Kilwa hufunga miamba ya pweza kwa miezi michache kwa utaratibu kama huo, na huko unakubalika zaidi kwa sababu pweza hukua haraka na kijiji kilichofunga ndicho kinachovuna siku ya kufungua.

Sasa itazamwe jinsi amri ya mbali inavyofika kwenye kikaango. Uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Mchuuzi wa Chanika amenunua samaki wa shilingi 100,000 mnadani. Nauli yake na ya mzigo shilingi 10,000, barafu 3,000, mafuta na mkaa 12,000, ushuru 2,000. Jumla shilingi 127,000. Akipata vipande 150 na kuuza kila kimoja shilingi 1,000, anapata shilingi 150,000, na faida yake ni 23,000. Mnada ukipanda kwa asilimia 20, samaki wale wale watamgharimu 120,000 na jumla itakuwa 147,000. Akiendelea kuuza shilingi 1,000 kwa vipande 150, faida inabaki shilingi 3,000, ambayo haimlishi hata yeye mwenyewe. Kuuza shilingi 1,200 hawezi. Mteja wake, fundi au mama mwenye watoto watano, ana noti ya 1,000 na hana zaidi. Basi hukata vipande 170. Mapato 170,000, faida 23,000 kama mwanzo. Bei haikupanda hata senti, ila kipande kimepungua kwa karibu asilimia 12.

Ndiyo maana taarifa za bei za samaki kwa maeneo kama Chanika hudanganya bila kukusudia. Bei inaonekana imetulia mwezi baada ya mwezi, na kumbe mlaji anapewa kidogo kidogo. Nyama haifichi hivyo, kwani buchani kuna mzani. Na kwa kuwa mnada wa ng'ombe wa Pugu uko jirani, ni nyama ndiyo inayotia breki pale samaki wanapopanda kupita kiasi. Lakini nyama haiuzwi kwa kipande cha 1,000 kilichokwisha kukaangwa na kutiwa pilipili.

Kukata vipande bila mzani ni jambo la kawaida la biashara ndogo, na kwa miaka mingi halikumdhuru mtu nje ya Chanika. Hali hiyo inabadilika kwa sababu ya mazungumzo yanayofanyika katika Bahari ya Hindi.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo mkataba wake ulianza kufanya kazi mwaka 1996 na makao yake yako Victoria, Ushelisheli, ndiyo inayosimamia samaki wanaohamahama katika bahari hii. Tanzania ilijiunga mwaka 2007. Mwaka 2016 tume ilipitisha azimio la kupunguza uvuvi wa jodari mapezi njano kuanzia mwaka 2017. Namna ya kupunguza ilikuwa hii: waliokuwa wakivua kwa wingi wapunguze kwa asilimia fulani, wa nyavu za kuzungushia asilimia 15, wa jarife na wa mishipi mirefu asilimia 10, wengine asilimia 5. Asilimia ya nini? Ya walichovua mwaka 2014. Na walichovua mwaka 2014 kilijulikanaje? Kwa taarifa walizopeleka wenyewe.

Hapo ndipo kiini cha suala hili kilipo. Popote duniani mgawo wa tani unapoanzishwa, kipimo cha kwanza huwa ni historia ya uvuvi, na historia maana yake ni maandishi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipogawana samaki wao mwaka 1983, mafungu yalipangwa hasa kwa kuangalia zilichovua kati ya 1973 na 1978. Uwiano uliotokana na miaka hiyo 6 uliendelea kutumika kwa miongo iliyofuata, watoto wa wavuvi wale wakazeeka nao. Iceland ilianza mgawo wa meli mwaka 1984 na kwa sheria ya 1990 ikaruhusu mafungu hayo kuuzwa; samaki waliendelea kuwapo, lakini vijiji vilivyouza mafungu yao vilibaki na gati tupu. Anayekosa kuandikwa siku ya kwanza hununua baadaye, kama ana fedha.

Mazungumzo ya kutafuta kanuni ya kudumu ya kugawana jodari wa Bahari ya Hindi yalianza mwaka 2011. Pande mbili zimekuwa zikivutana. Nchi zenye meli kubwa, zikiwamo za Ulaya na Asia ya Mashariki, husema tani zihesabiwe kwa bendera ya meli iliyovua. Nchi za pwani husema samaki aliyevuliwa ndani ya ukanda wa kiuchumi wa nchi ahesabiwe kuwa wa nchi hiyo, hata kama meli ilikuwa ya mgeni. Kwa Tanzania hoja hiyo si ndogo. Ukanda wake wa kiuchumi, uliotangazwa kwa sheria ya mwaka 1989, unakadiriwa kuwa na kilometa za mraba 223,000, na kwa miaka mingi waliovua humo kwa meli kubwa walikuwa wageni wenye leseni, na wengine wasio nayo. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau meli ya Tawariq 1 iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na karibu tani 300 za samaki, ambao mitaani waliitwa "samaki wa Magufuli" kwa jina la waziri wa wakati huo. Wale ndio jodari wa bahari kuu waliozungumzwa zaidi nchini, na walikuja kwa njia ya polisi.

Wenye leseni nao hawakushusha samaki wao hapa. Nchi haikuwa na bandari ya uvuvi ya kuwapokea, kwa hiyo shehena zilikwenda Victoria, Port Louis au Mombasa, na huko ndiko zilikopimwa. Tanzania ilipata ada ya leseni. Mzani ulikuwa wa wengine. Mwaka 2018 serikali ilijaribu kuubana uzito kwa bei, kwa tozo ya dola 0.4 za Marekani kwa kila kilo ya samaki aliyevuliwa. Wenye meli walipiga hesabu, wakaona maji ya jirani ni rahisi zaidi, wakaacha kukata leseni. Tozo iliondolewa baada ya miaka michache. Samaki anayehama hana uaminifu kwa maji ya nchi moja, na meli inayomfuata hali kadhalika.

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba jambo hili linahusu jodari wakubwa peke yao. Orodha ya samaki walio chini ya tume hiyo ina aina 16. Ndani yake wamo sulisuli, wamo sehewa, na yumo nguru, yule yule anayekatwa vipande 170 pale Chanika. Samaki hao hawavuliwi na meli za Ulaya; huvuliwa na jarife na mishipi ya wavuvi wa Mafia, Kilwa, Bagamoyo na Nungwi. Siku kanuni ya historia ikiwafikia, rekodi itakayotakiwa ni ya mvuvi mdogo, na rekodi hiyo ni sampuli iliyokuzwa.

Mnada wa Feri unaweza kutazamwa kama mahali pa kuanzia, kwa kuwa samaki wengi hupita hapo kabla ya kutawanyika jijini. Soko la sasa lilifunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani, na kiasi kikubwa huuzwa kwa fungu, kwa jicho la dalali na sauti ya mnunuzi. Samaki mkubwa huuzwa peke yake, wadogo hutiwa ndoo moja wakiwa mchanganyiko. Kwa biashara mfumo huo una kasi, na kasi ndiyo uhai wa samaki. Lakini ndoo ya mchanganyiko huandikwa mchanganyiko, na sehewa aliyemo humo hakuzaliwa kwa upande wa takwimu. Halafu wapo wasiopita mnadani kabisa: wanaouzwa mwaloni Kunduchi, Mbweni au Kigamboni, wanaokaangwa hapo hapo, na wanaokabidhiwa tajiri aliyekopesha mashine.

Upo pia mgawo wa ndani ya Muungano. Uvuvi si jambo la Muungano. Kila upande unasimamia maji yake ya ndani na bahari yake ya kitaifa, na bahari kuu inasimamiwa kwa pamoja na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1998 iliyorekebishwa 2007, ikaanza kazi 2010 ikiwa na ofisi Fumba, Zanzibar, na sasa inafuata sheria mpya ya mwaka 2020. Mapato ya leseni hugawanywa kati ya Mamlaka, Bara na Zanzibar. Kugawana fedha ni kazi nyepesi, kwani noti ya dola haina asili. Tani za mgawo zina asili: zimetokana na rekodi za mwalo fulani. Zanzibar ina wavuvi wengi kwa eneo dogo, na Bara ina pwani ndefu. Wavuvi wa dago kutoka Unguja wanaoshusha nguru Kilwa huhesabiwa kwa Bara, na wa Bara wanaoshusha Unguja huhesabiwa Zanzibar. Kama fungu la taifa litaletwa kwa tani, swali la nani alivua nini litaulizwa na pande zote mbili, na vitabu vitakavyofunguliwa ni vya mialo hii hii.

Hatua zimeanza kuchukuliwa. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa Septemba 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba meli za bahari kuu zipate mahali pa kushusha samaki nchini. Gati hilo litasaidia kuhesabu samaki wa meli. Kwa samaki wa ngalawa kinachotakiwa ni cha bei ndogo zaidi lakini kigumu zaidi kukisimamia: mzani kwenye mwalo, karani wa BMU anayelipwa kwa wakati, na dalali anayekubali kutenganisha ndoo kwa aina. Huyo wa mwisho ndiye mgumu. Kutenganisha kunachukua dakika 10, na wakati huo barafu inayeyuka. Mvuvi naye ana hofu yake, kwamba kilo zikiandikwa leo mtoza ushuru atazisoma kesho. Hofu hiyo ina msingi, na serikali isipotenganisha daftari la takwimu na daftari la ushuru, itaendelea kupata namba za kumridhisha karani.

Wiki inayoanzia mwezi mwandamo, wavuvi wa taa wakirudi majini, wachuuzi wa Chanika hutegemea mnada kulegea na vipande kurudi ukubwa wa kawaida. Wataendelea kupanga nguru na sehewa kwenye sinia moja. Wakishakatwa, wakapakwa binzari na kutoka kwenye mafuta, hakuna afisa wa Fumba wala wa Victoria atakayeweza kusema ni yupi alikuwa yupi, wala walikuwa kilo ngapi.